Nyumba ya Goba: kutoka milioni 145 hadi 126

Januari 2019 mimi na mume wangu tulikuwa tumetimiza miaka saba kwenye nyumba ya kupanga Sinza. Vyumba viwili na sebule, shilingi 350,000 kwa mwezi, na mwenye nyumba anataka ya miezi sita kwa mkupuo. Kila nusu mwaka tulihangaika kutafuta 2,100,000, na kila tukimaliza kulipa tulisema hii ndiyo ya mwisho.

Kiwanja tulikuwa nacho, Chanika, tulikinunua mwaka tuliooana. Ndugu wa pande zote mbili walikuwa na neno moja: jengeni. Ndivyo mtu wa mshahara anavyopata nyumba Dar es Salaam. Mwaka huu msingi, mwakani boma, ukipata mkopo unapaua, ukichoka unahamia madirisha yakiwa yamezibwa kwa mabati. Kaka yangu alijenga hivyo kwa miaka tisa. Ninamheshimu sana kwa uvumilivu ule, lakini niliona pia saruji yake ikiganda stoo, mbao zikiibwa, na mafundi wawili wakichukua malipo ya awali wasirudi tena. Sisi tukakata shauri kuuza kiwanja, tuchanganye na akiba, benki itukopeshe inayobaki, tununue nyumba iliyokwisha. Hesabu ilikuwa milioni 45 mkononi na milioni 85 za benki kwa miaka 15. Jumla milioni 130, na humo humo zitoke gharama za wakili, mthamini na ushuru.

Katika ukoo mzima hakukuwa na mtu aliyewahi kununua nyumba mpya, kwa hiyo hatukuwa na wa kumuuliza bei yake inapunguzwaje. Kupatana bei ya kitenge Kariakoo nilifundishwa na mama yangu tangu mdogo. Lakini kitenge unakikunjua, unakivuta, unakiangalia upande wa pili. Nyumba unaikunjuaje?

Dalali alitupeleka Goba Jumamosi moja, jua kali. Nyumba tatu zinazofanana zimejengwa pamoja kwenye mteremko, moja imeshauzwa. Vyumba vitatu, kimoja masta, baraza pana, madirisha ya alumini, rangi ya maziwa ambayo bado inanukia. Nilipoingia jikoni nikaona dirisha linatazama mwembe wa jirani, nikasema kwa sauti, "Hapa ndipo nitakapoweka meza yangu." Dalali alikuwa nyuma yangu. Tulipouliza bei akasema milioni 145. Tulipouliza kama inazungumzika, alinigeukia mimi badala ya mume wangu, akasema, "Mama ameshaipenda. Hapo ni maelewano madogo tu."

Lile neno langu lilitugharimu. Miezi yote iliyofuata, kila tulipotaja upungufu, dalali alirudi kwenye ile meza. Siku ile jioni tukakubaliana kwamba tukienda tena kuangalia nyumba, tutasifu tukiwa kwenye daladala ya kurudi. Tukaandika pia kwenye daftari kiwango chetu cha mwisho, milioni 127, na chini yake kila mmoja akatia sahihi. Inaweza kuonekana ni mambo ya kitoto kwa mtu na mkewe kutiliana sahihi, lakini kuna siku daftari lile lilituokoa.

Mwalimu mwenzangu shuleni aliponisikia nikisimulia, aliniuliza swali moja: "Mwenye nyumba mmemuona?" Hatukuwa tumemuona. Dalali alikuwa anasema mzee yuko safarini, mzee hapokei simu, mzee ameniachia mimi kila kitu. Tukaenda wenyewe siku ya kazi, mama aliyehamia mwezi mmoja nyuma kwenye ile nyumba iliyokwisha kuuzwa akatupa namba ya mzee.

Mzee alitupokea nyumbani kwake vizuri sana. Ni mstaafu, nyumba zile tatu alizijenga kwa kiinua mgongo chake. Baada ya shikamoo na maji ya kunywa, akauliza dalali alitutajia ngapi. Mume wangu akasema 145. Mzee akanyamaza kidogo, akavua miwani. "Mimi nilimwambia 138."

Milioni 7 zilikuwa cha juu, alichojiongezea dalali. Dalali ana haki ya ujira wake, na mwisho wa safari mzee alimlipa kama walivyokubaliana. Lakini ile milioni 7 ilikuwa itoke mfukoni mwetu na hakuna aliyetuambia. Kama tungeanza kupatana kwa kupitia dalali, tungepunguziwa tano, tungeshukuru, na tungekuwa tumenunua kwa bei ya juu kuliko aliyoitaka mwenyewe.

Sasa, 138 tulikuwa hatuna. Na kupunguza mbele ya mzee aliyetuzidi miaka thelathini, ambaye pesa yake ya uzeeni imo ndani ya kuta zile, si sawa na kupunguza sokoni. Mume wangu alisema tusimkabili peke yetu. Tukamwomba baba yake mdogo atusindikize, wazee waongee kama wazee. Ulikuwa uamuzi mzuri kuliko yote tuliyofanya, kwa sababu kuna maneno ambayo sisi tungeyasema yangekuwa utovu wa adabu, na baba mdogo akayasema kwa utaratibu na mzee akayapokea.

Lakini kwanza tulihitaji cha kusema. Nyumba mpya haina shahidi. Ya zamani ina mpangaji atakayekwambia bafuni panavuja, ina doa la maji kwenye dari, ina ufa ulioziba na kufunguka. Mpya ina rangi tu. Tukamtafuta fundi ambaye hamjui mzee wala dalali, tukamlipa 100,000 kwa asubuhi nzima, na mzee akaturuhusu bila kinyongo.

Fundi yule nilimfuata chumba hadi chumba. Alitoa sarafu ya shilingi mia mbili mfukoni akaanza kugonga marumaru moja moja, ameinamisha kichwa kama daktari anayesikiliza kifua. Sebuleni zote zilitoa mlio mzito. Kwenye baraza na bafu la masta zikaanza kulia kama kopo tupu, nikahesabu kumi na tisa; chini yake saruji haikushika. Akamwaga ndoo ya maji bafuni, tukasimama kuyatazama. Yakaelekea mlangoni badala ya kwenye tundu. Akajaza maji mpira mwangavu, yeye kona hii na mume wangu kona ile, kupima usawa wa sakafu, na sakafu ikawa sawa. Nilifurahi kwa hilo, na fundi aliliandika pia, maana alisema orodha ya kasoro tupu hakuna muuzaji anayeiamini.

Kisha akapanda darini na tochi ya simu. Akashuka na vumbi la mbao kwenye nywele, akasema kenchi, zile mbao zinazobeba bati, za upande wa jikoni zimefungwa kwa mbao za mbili kwa mbili mahali palipotakiwa mbili kwa nne, na baadhi hazijapigwa dawa ya mchwa. Nje akatuonyesha ufa uliokuwa unaanzia kona ya dirisha la masta kupanda mshazari, mwembamba kama uzi. Akasema huo ni wa plasta, usiwatishe. Nilimwamini zaidi kwa hilo kuliko kwa makosa yote aliyoyataja. Alichokiogopa ni kingine. Alisimama nyuma ya nyumba, akatazama mteremko unaoshuka moja kwa moja hadi ukutani, akasema, "Hapa sijui. Subirini mvua."

Ilikuwa mwanzoni mwa Machi. Mzee aliposikia tunataka kusubiri masika alisema wazi kwamba hawezi kututunzia, mteja mwingine akija anauza. Nililala vibaya wiki zile. Kila nilipopiga hesabu nilirudi palepale: kwa riba ya asilimia 16, kila milioni moja tunayokopa kwa miaka 15 tungeirudisha benki ikiwa milioni 2 na laki 6 na zaidi. Milioni moja unayoipuuza mezani ili mambo yaishe si milioni moja. Hesabu hiyo nilimwonyesha mume wangu kila alipotaka tumalize tu, naye aliniambia mimi kila nilipoukumbuka ule mwembe.

Mvua zilipokolea, siku moja ya Mei, tulitoka Sinza saa kumi na mbili asubuhi tukaenda Goba na viatu vya mvua. Bajaji ilitushusha mbali kwa ajili ya tope. Tulikuta maji mekundu yakishuka kutoka juu, yamejipigia njia nyuma ya nyumba, yanaugonga ukuta wa jikoni na kugawanyika pande mbili. Udongo ulikuwa umeliwa hadi tofali za msingi zinaonekana, kiasi cha mkono wangu kuingia mpaka kwenye kiwiko. Ndani kulikuwa kukavu kabisa. Bati halikuvuja hata tone. Mume wangu akapiga picha zote, za nje na za ndani.

Wiki hiyo fundi alitupa gharama, tukaziandika kwenye daftari: ukuta wa mawe wa kuzuia udongo pamoja na mtaro, milioni 6.5, kubadilisha marumaru na kurekebisha mwinamo wa bafu, 1.2, kuimarisha kenchi na kupiga dawa, 1.8, tanki la maji na mnara wake, kwa kuwa bomba lilikuwa bado kufika mtaa ule, 2.3, makabati ya jikoni ambayo hayakuwepo, 4.5. Jumla milioni 16 na laki 3.

Karatasi tulizishughulikia sambamba. Baada ya yaliyotokea mwaka 2017 kando ya Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara kwenda Kiluvya, nyumba nzuri zikibomolewa kupisha upanuzi, hakuna mtu wa Dar anayehitaji kuelezwa kwa nini upekuzi wa hati unakuja kabla ya rangi. Wakili alikwenda kwa Msajili wa Hati akathibitisha jina, akathibitisha hakuna rehani, na kwamba kila nyumba kati ya zile tatu ina hati yake ya miaka 99. Hilo la mwisho ulizeni mapema. Nyumba tatu juu ya hati moja benki isingeigusa.

Benki nayo ikamleta mthamini. Tulimlipa sisi, na kwa muda niliona ni gharama ya kuumiza. Taarifa yake ikaja na namba mbili: thamani ya soko milioni 128, na thamani ya kuuzwa kwa haraka milioni 96. Ile ya kwanza ndiyo tuliyoitaka. Mpaka hapo tulikuwa na maneno yetu dhidi ya maneno ya mzee. Sasa kulikuwa na mtu wa tatu, mwenye muhuri, ambaye hakujali tunapata au tunakosa.

Tulikutana Jumapili sebuleni kwa mzee, sisi, baba mdogo, dalali, na mke wa mzee ambaye alikuwa anaingia na kutoka na chai. Baba mdogo alianza kwa kuisifu nyumba. Alitaja sakafu iliyonyooka, bati lisilovuja, kuta zilizo timazi. Alichukua muda mrefu, na niliona mabega ya mzee yakishuka. Ndipo akasema, "Mzee mwenzangu, watoto hawa hawajaja kuidharau kazi yako. Wamekuja na mambo matano, naomba uyatazame." Akaweka daftari mezani, na juu yake picha za mvua.

Mzee alizitazama zile picha kwa muda. Akasema 138 ilikuwa bei ya nyumba kama ilivyo. Baba mdogo akataja 118. Dalali akacheka, mzee hakucheka. Akashuka 135, tukapanda 121. Akashuka 133 akasema hiyo ndiyo ya mwisho, saruji imepanda, nondo zimepanda. Mume wangu akafungua mdomo, nikajua kabisa anataka kusema 130, yaishe. Nikaligusa daftari, ukurasa wa sahihi zetu. Akafunga mdomo. Tukanyamaza. Kukaa kimya mbele ya mtu mzima anayekusubiri ujibu ni kazi ngumu kuliko nilivyodhani. Nilisikia mpaka feni inavyolia.

Aliyeuvunja ukimya ule alikuwa mke wa mzee. Alikuwa amesimama mlangoni na birika. Akasema, "Baba, ule mtaro nilikwambia tangu tunaweka msingi."

Kwa sheria yetu nyumba ya familia haiuzwi bila ridhaa ya mwenzi, wakili alikuwa ametueleza kwamba sahihi ya mama lazima iwepo. Lakini sikuwa nimefikiria kwamba mama ana la kusema kuhusu nyumba yenyewe. Alikuwa ndiye anayewapikia mafundi wakati wa ujenzi, alikaa pale kila siku, ameona mvua mbili. Alikuwa shahidi tuliyemkosa tangu Januari, na hatukuwahi hata kumsalimia vizuri kabla ya siku ile. Hilo linaniuma mpaka leo.

Akakaa. Kuanzia hapo mazungumzo yalibadilika, yakawa nani afanye nini badala ya namba kugombana na namba. Mzee alikuwa na fundi wake wa mawe na mawe yaliyobaki, kwake ukuta na mtaro vingemgharimu chini sana ya milioni 6.5 tulizoandikiwa sisi. Basi akakubali kuvijenga yeye. Marumaru na mwinamo wa bafu akasema ni aibu yake, atarekebisha bila kuhesabu. Kenchi, tanki na makabati yakabaki kwetu, milioni 8.6, na hayo yakazingatiwa kwenye bei. Tukiwa na karatasi ya mthamini mezani, tukafikia milioni 126.

Nilidhani yamekwisha. Siku ya pili dalali akatuletea rasimu ya mkataba aliyoiandaa yeye, na mstari wa kumi na kitu ulisema kodi zote na gharama zote za uhamisho ni za mnunuzi. Wengi tunaupita mstari huo. Ushuru wa stempu, asilimia 1, tulikuwa tumeupangia, 1,260,000. Lakini ndani ya maneno "kodi zote" kulikuwa na ile kodi ya faida ya mauzo, wakati ule asilimia 10 ya faida aliyopata muuzaji. Ni kodi yake yeye muuzaji. Wakili alimuuliza mzee kama ana risiti za ujenzi, kwa kuwa wakati ule faida ilipatikana baada ya kutoa gharama unazoweza kuzionyesha. Alikuwa nazo kidogo, nyingi zilipotea. Wakili akakisia kodi ingeweza kufika milioni 5 au zaidi. Yaani karibu nusu ya tulichopunguza tangu 138 ingerudi kimyakimya kupitia mstari mmoja.

Hapo tulikataa, na hatukumtuma mtu. Nilizungumza na mzee mwenyewe kwa simu, nikamwambia, "Baba, tukilipa na hiyo kodi tutahamia bila hela ya kununua tanki." Akaniambia hakuujua mstari ule, kila mkataba aliowahi kuuona uliandikwa hivyo. Ukafutwa. Wakili akaandika mkataba upya: kodi ya faida kwa muuzaji, stempu na usajili kwetu. Malipo yetu ya milioni 41 yakagawanywa: 20 siku ya sahihi, 16 hati za uhamisho zikikamilika, na 5 tubaki nazo mpaka mvua za vuli ziupitie ule mtaro. Benki itoe 85 uhamisho ukisajiliwa.

Hiyo milioni 5 ndiyo mzee aliyoisita zaidi. Aliona kama hatumwamini. Baba mdogo hakuwepo, na mimi sikupata neno la kumpoza. Ni mama tena aliyesema, waache wabaki nazo, mtaro ukiwa mzuri hela itakuja.

Tulihamia Agosti. Baada ya wakili, mthamini na ushuru tulibakiwa na milioni moja hivi, ikaenda kwenye gari la mizigo na tanki la mkopo. Makabati hatukuweka mpaka mwaka uliofuata, vyombo vikakaa kwenye maboksi chini ya lile dirisha la mwembe, na meza yangu nikaiweka palepale niliposema.

Mvua ya kwanza kubwa ya vuli ilikuja usiku mmoja wa mwishoni mwa Oktoba. Mume wangu alitoka na tochi, mimi nikasimama mlango wa jikoni nimemshikia mwavuli ambao haukumsaidia kitu. Maji yalishuka mekundu vilevile kama ya Mei, yakafika kwenye ukuta wa mawe, yakageuka, yakaingia mtaroni kwa kelele. Simu ikaita. Alikuwa mama, mke wa mzee, saa saba ya usiku.

"Mwanangu, yanapita?"

Nikamwambia yanapita, mama.